Leipzig: Mji wa Bach, wa Mishumaa ya 1989 na wa Wamisionari wa Machame

Kwa Mlutheri aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Leipzig ni jina analolisikia muda mrefu kabla hajaweza kulionyesha kwenye ramani. Hutajwa katika jubilei za sharika, na wazee wa Machame na Kidia hadi leo husema "wamisionari wa Leipzig" kana kwamba wanautaja ukoo wa jirani. Pamoja na hayo, mji wenyewe wengi wetu hatuujui. Nilipopata nafasi ya kufika huko kupitia ushirikiano wa makanisa, nia yangu ilikuwa kuyaona majengo ya kale ambayo husifiwa na kila aliyewahi kupita pale. Na baada ya kuyaona nina neno moja la kuwaambia wenzangu wa Moshi na vijiji vyake. Mtu wa Kilimanjaro asiizunguke Leipzig kama mtalii tu. Sehemu ya historia yake mwenyewe imetunzwa huko, na kwa sehemu kubwa imetunzwa mahali ambapo waongozaji wa watalii hawampeleki mgeni.

Leipzig iko katika jimbo la Sachsen, mashariki ya Ujerumani, na uliinuka kwa biashara. Mwaka 1497 mfalme Maximilian aliipa maonyesho yake ya biashara hadhi ya kifalme, na kuanzia hapo wafanyabiashara wa mashariki na magharibi walikutana pale kwa karne nyingi. Fedha hiyo bado inaonekana katika majengo. Ukumbi wa zamani wa mji, ulioko kwenye uwanja wa soko, ulijengwa mwaka 1556, na mnara wake haukuwekwa katikati bali upande, jambo linaloupa uso wa jengo sura ambayo mtu haisahau. Stesheni kuu ya reli, iliyokamilika mwaka 1915, ina uso wa karibu mita 300 kwa upana. Chini ya mojawapo ya njia za maduka zilizoezekwa kuna mgahawa wa Auerbachs Keller, ambao Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani aliyesoma Leipzig akiwa kijana, aliuingiza katika tamthilia yake ya Faust. Kitovu cha mji ni kidogo, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja. Mimi ningemshauri asikimbilie kukimaliza, maana makanisa mawili yaliyomo ndani yake yanahitaji kukaliwa.

La kwanza ni Nikolaikirche. Kwa nje ni kanisa la mawe lenye sura ya kawaida, lililoanza kujengwa katika karne ya kumi na mbili. Ndani, mambo hubadilika kabisa. Mwishoni mwa karne ya kumi na nane mjenzi Johann Carl Friedrich Dauthe aliligeuza upya, akazifanya nguzo zote zipande juu kama shina la mtende na kufunguka chini ya dari kwa makuti ya rangi ya kijani kibichi. Rangi nyeupe na waridi iliyopauka imeenea dari nzima, na mwanga unaingia kwa wingi. Nilikaa kwenye benchi kwa muda mrefu nikiyatazama makuti hayo, kwa sababu sikutarajia kuukuta mti wa nchi ya joto katika kanisa la Wajerumani.

Hata hivyo, Nikolaikirche haijulikani duniani kwa ajili ya nguzo zake. Tangu mwaka 1982, Leipzig ikiwa chini ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, waumini walikutana humo kila Jumatatu saa kumi na moja jioni kuombea amani. Mwanzoni walikuwa wachache. Kadiri miaka ilivyokwenda walikuja pia watu wasiokuwa na dini, waliotafuta mahali pa kusema ambapo sheria haikuwaruhusu kusema, na mchungaji Christian Führer hakuwafungia mlango. Tarehe 9 Oktoba 1989 maaskari na vikosi vya usalama vilikuwa tayari, watu walikuwa na hofu ya kumwagwa kwa damu, na bado baada ya maombi watu wapatao 70,000 walitembea kuuzunguka mji wakiwa na mishumaa mikononi na wakipaza sauti kwamba wao ndio wananchi. Watu wa huko hueleza kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili: mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga mwali na upepo, na aliyeshughulika hivyo hawezi kuokota jiwe. Hakuna risasi iliyopigwa jioni ile. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Nje ya kanisa, kwenye uwanja, imesimamishwa nguzo moja ya mtende iliyo nakala ya zile za ndani, kuonyesha kwamba kilichoanzia ndani ya kanisa kilitoka kikaenda barabarani.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu makanisa yetu huku Kaskazini yanatokana na mti huohuo wa imani, na nadhani vijana wa Moshi wanaosoma juu ya Matengenezo ya Martin Luther ya karne ya kumi na sita wangenufaika zaidi kusoma pia juu ya yale maombi ya Jumatatu.

La pili ni Thomaskirche, umbali wa dakika chache tu kwa miguu. Humo Johann Sebastian Bach alikuwa mkuu wa muziki kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na mifupa yake imelazwa humo tangu 1950, chini ya bamba la shaba nyeusi lenye jina lake na kitu kingine chochote hakuna. Watu huacha maua juu yake. Kwaya ya wavulana ya kanisa hilo ilianzishwa mwaka 1212 na haijawahi kuacha kuimba hadi leo. Mgeni anayepanga safari ahakikishe anakuwa mjini Ijumaa jioni au Jumamosi alasiri, wakati kwaya huimba katika ibada ya muziki. Niliposikia kiitikio cha sauti nne kikipanda kwenye paa lile refu lenye mwinuko mkali, niliwakumbuka wapiga tarumbeta wa kwetu, wale wanaotangulia maandamano ya jubilei na mazishi wakipiga tenzi za Kijerumani zilizokwisha kuwa za Kichaga kabisa. Desturi hiyo ya tarumbeta ililetwa na wamisionari. Mto ni ule mmoja, na chanzo chake kimojawapo kiko pale.

Katika Thomaskirche ndimo pia Luther alimohubiri siku ya Pentekoste mwaka 1539, mji ulipoyapokea Matengenezo. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1519, alikuwa amefika Leipzig kujadiliana hadharani na Johannes Eck, mtetezi wa Kanisa Katoliki, ndani ya ngome ya Pleissenburg. Ngome hiyo haipo tena. Juu ya msingi wake umejengwa ukumbi mpya wa mji, uliofunguliwa mwaka 1905.

Jambo lililonigusa sana katika Leipzig ni namna wanavyokumbuka hata vilivyovunjwa. Kanisa la chuo kikuu, Paulinerkirche, lilinusurika mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia lakini likalipuliwa kwa baruti tarehe 30 Mei 1968 kwa amri ya watawala wa kikomunisti, ambao hawakutaka kanisa lisimame kwenye uwanja waliouita kwa jina la Karl Marx. Baada ya muungano wa Ujerumani palijengwa mahali pale ukumbi mpya, Paulinum, ambao uso wake wa kioo na mawe unafuata umbo la kanisa lililokufa, hata dirisha la duara la mbele likionekana limeinama upande kana kwamba linaanguka. Vilevile sanamu ya mwanamuziki Felix Mendelssohn, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, iliondolewa na Wanazi mwaka 1936. Nakala yake imerudishwa, na tangu 2008 inasimama karibu na Thomaskirche. Mji unaoweza kusema wazi "hapa tulibomoa, hapa tulikosea" unastahili heshima. Ndiyo sababu ninauliza swali litakalofuata bila chuki yoyote.

Kabla ya swali hilo niseme machache juu ya mnara mkubwa wa Völkerschlachtdenkmal, kwa sababu kila mgeni hupelekwa huko. Unakumbuka vita vya tarehe 16 hadi 19 Oktoba 1813, ambavyo Warusi, Waprusia, Waaustria na Waswidi walimshinda Napoleon karibu na Leipzig, na watu wapatao 100,000 wakauawa au kujeruhiwa. Ulizinduliwa mwaka 1913, una kimo cha mita 91, na juu yake wamesimama askari wakubwa wa mawe wenye mikono juu ya panga zao. Mandhari kutoka juu ni nzuri. Jengo lenyewe halikunipendeza. Ni zito, ni jeusi, na kwa maoni yangu linautukuza uwezo wa kupigana kuliko linavyowalilia waliokufa. Mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa, Ulaya ilikuwa vitani tena, na vita hivyo vilifika hadi Tanga na Taveta. Kanisa la Kirusi lililojengwa mwaka huohuo wa 1913 si mbali na hapo, kwa kumbukumbu ya askari 22,000 wa Kirusi waliokufa, lina kuba la dhahabu na utulivu ambao ule mnara hauna.

Sasa nifike kwenye Leipzig ambayo ni yetu.

Shirika la Misioni la Leipzig lilianzishwa Dresden mwaka 1836 na kuhamia Leipzig mwaka 1848. Kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa India ya kusini, miongoni mwa Watamil. Nyumba ya misioni bado ipo, kusini-mashariki ya kitovu cha mji, na hadi leo shirika lina ushirikiano na Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri. Si jengo la kustaajabisha, wala halimo katika orodha za watalii. Kwangu lilikuwa na uzito kuliko ukumbi wa mji, kwa kuwa ndimo walimotoka vijana waliofika Machame mwaka 1893, wakaendelea Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale, yaani Kidia, mwaka 1896. Bruno Gutmann, aliyeishi Kidia kwa miaka mingi na kuandika sheria na desturi za Wachaga kwa kina ambacho hakijapatikana tena, naye alitumwa na shirika hilo.

Jinsi walivyopata njia ya kuja ni sehemu ambayo sharika zetu huisimulia kwa kifupi mno. Moshi ilikuwa na wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza tangu 1885. Mwaka 1892 vijana wa Mangi Meli, mtawala wa Moshi, waliwapiga askari wa Kijerumani walioongozwa na von Bülow, naye akafa. Wajerumani wakawashuku wamisionari wa Kiingereza kwamba ndio waliomwunga mkono Mangi, na hao wakalazimika kuondoka na kwenda Taveta. Mwaka 1893 jeshi kubwa la Gavana von Schele lilirudi Moshi na kumshinda Meli. Mlango ukawa wazi kwa misioni ya Kijerumani. Wamisionari wenyewe hawakushika bunduki, na wengi wao waliwapenda watu waliotumwa kwao. Lakini waliingia katika nchi iliyokuwa imetoka tu kupigwa, na watu wa wakati ule hawakuwa na sababu ya kuwatenganisha na askari. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru, wakati jeshi la Kapteni Johannes likiwa kwenye msafara maeneo hayohayo. Kisasi kilichofuata kiliangamiza nyumba, mashamba na mifugo ya Wameru na Waarusha.

Kisha tarehe 2 Machi 1900, huko Tsudunyi, Moshi ya Kale, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, jumla yao watu 19. Miongoni mwao walikuwamo Molelia wa Kibosho na viongozi wa Waarusha na Wameru. Mapokeo ya ukoo wa Meli yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyokuwa katika makusanyo ya huko na familia zilizo hai Kilimanjaro. La Meli halikuwamo.

Leipzig inaingia katika habari hii pia kwa njia ya mlima. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, alitoka katika familia ya wachapaji vitabu wa Leipzig, na aliishi na kufa katika mji huo. Sisi tunamfahamu kwa bamba lake pale lango la Marangu. Kinachosemwa mara chache ni kwamba alipokelewa na Mangi Marealle, kwamba Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyekaa nao katika kambi ya juu kwenye baridi kali, kwamba Marangu inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wa njia, na kwamba Meyer alishuka na jiwe la kilele. Aliligawa: nusu moja alimpa Kaiser Wilhelm wa Pili, aliyeliweka katika ukuta wa ukumbi wa makombe ya baharini na madini wa jumba la Neues Palais mjini Potsdam, nusu nyingine alibaki nayo mwenyewe. Kilele akakiita jina la Kaiser. Jina hilo liliondoka usiku wa Uhuru wa mwaka 1961, Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika na mwenge. Jiwe halikurudi. Lile la Potsdam lilipotea na jingine kuwekwa mahali pake, na ile nusu ya Meyer iliishia kwa mwuza vitu vya kale huko Austria.

Makumbusho ya Grassi, ambayo ndiyo ningemwomba kila Mchaga, Mmeru na Mwarusha aanze nayo akifika Leipzig, yamelizungumza jiwe hilo hadharani. Jengo lake la miaka ya 1920 lina pambo la dhahabu lenye umbo la nanasi juu ya paa, na ndani yake kuna makumbusho matatu, moja likiwa la tamaduni za dunia. Makusanyo yake mengi yaliletwa na maofisa, wafanyabiashara, wamisionari na wasafiri wa enzi ya ukoloni, na Meyer mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotoa, zikiwamo sanamu za shaba za Benin, Nigeria. Mwaka 2022 kundi la wasanii lilifanya onyesho humo kuhusu jiwe la Kibo, likichangisha fedha ili linunuliwe na kurudishwa Tanzania. Makumbusho hayo yalikwisha kuwarudishia Wayawuru wa Australia mabaki ya wazee wao mwaka 2019, na mwaka 2022 Ujerumani ilitia saini makubaliano na Nigeria kuhusu shaba za Benin. Kwa hiyo mlango umeanza kufunguka, na swali langu kwa mji ulioweza kulisimamisha upya umbo la kanisa lililolipuliwa ni hili: lini mgeni anayezunguka kitovu cha Leipzig atakuta kibao kinachomweleza kilichotokea Moshi kati ya mwaka 1892 na 1900, mbele ya milango ya watu walionufaika nacho? Mishumaa ya Nikolaikirche inaelezwa katika kila kona, na ni haki yake. Nafasi ya habari ya pili ipo.

Swali hilohilo linatuhusu sisi. Tsudunyi iko mwendo mfupi wa gari kutoka Moshi mjini, na wapo vijana wengi wa Moshi wasiowahi kufika pale.

Kwa walio na muda wa kutoka nje ya mji, nitaje mahali patatu. Wittenberg, kwa treni chini ya saa moja, ndiko Luther alikotangaza hoja zake mwaka 1517, na Kanisa la Ngome lina kaburi lake. Potsdam iko mbali kidogo, karibu na Berlin, na ukumbi ule wa makombe ni wa kuuona huku ukijua unachokitazama. Muhimu kuliko yote kwa msomaji wa Kilimanjaro ni Halle, jirani kabisa na Leipzig. Ni mji alikozaliwa mtunzi wa muziki Händel, na una taasisi zilizoanzishwa na mchungaji August Hermann Francke mwishoni mwa karne ya kumi na saba: shule, nyumba ya yatima, maktaba ya kale yenye rafu zilizopangwa kama jukwaa la maigizo. Humo ndimo yalimowekwa majalada ya Misioni ya Leipzig, yaani barua na taarifa za wamisionari wa Machame, Mamba, Kidia na vituo vingine. Karatasi na picha za Hans Meyer nazo ziko Leipzig kwenyewe, katika taasisi ya jiografia ya Leibniz.

Anayetaka kuzisoma aandike barua pepe mapema, aeleze anatafuta kituo gani na miaka gani, na ajiandae kukutana na mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo husomeshwa. Lugha isimtishe sana. Chuo Kikuu cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1409, kinafundisha Kiswahili, na nilikuta wanafunzi pale wanaosalimia "shikamoo" kwa usahihi na wanaotamani mtu wa kusoma naye barua hizo. Sharika zetu zenye jubilei zinazokaribia zingeweza kuanza na ombi dogo: nakala za picha za kituo chao na majina ya wabatizwa na walimu wa kwanza wenyeji, wale ambao katika simulizi zetu wengi wao bado hawana majina.